Filamu mpya ya Christopher Nolan: hadithi inajulikana, basi anaficha nini?

Tarehe 17 Julai 2026 filamu iitwayo The Odyssey itaanza kuoneshwa kwenye majumba ya sinema. Mwongozaji wake ni Christopher Nolan, yule aliyetengeneza The Dark Knight, filamu ya Batman, na mwaka 2023 akatoa Oppenheimer, ile ya mwanasayansi wa bomu la atomiki. Katika baadhi ya miji ya Marekani, Uingereza na kwingineko, tiketi za maonesho ya mwanzo zilianza kuuzwa tarehe 17 Julai 2025, mwaka mzima kabla, filamu yenyewe ikiwa bado inapigwa picha. Nyingi ziliisha siku hiyohiyo, kisha walanguzi wakaonekana mtandaoni wakiziuza kwa mamia ya dola.

Wasikilizaji wetu wametuuliza maswali ya aina mbili kuhusu jambo hili. Wa kwanza wanasema: kama watu wanaingoja hivyo, mbona mwenyewe anaificha? Wa pili wanasema: hiyo si hadithi ya kale ya Wagiriki, ipo vitabuni miaka yote, kuna siri gani hapo? Maswali yote mawili ni ya haki, na tunadhani yana jibu moja.

Nolan ni nani

Alizaliwa London mwaka 1970. Filamu yake ya kwanza ndefu, Following, ilitoka mwaka 1998 na ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana. Ya pili, Memento, ndiyo iliyomtambulisha, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi yake inakwenda kinyumenyume, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tangu hapo akawa mtu wa filamu kubwa: Inception mwaka 2010, Interstellar mwaka 2014, Dunkirk mwaka 2017. Oppenheimer iliingiza zaidi ya dola milioni 950 duniani na mwezi Machi 2024 ikachukua tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Mtayarishaji wa filamu zake ni mke wake, Emma Thomas.

Jambo moja litawashangaza wale mnaosoma makala haya kwenye simu: Nolan amesema mara nyingi kwamba yeye hatumii simu janja wala barua pepe. Skripti zake anaziandika kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa na intaneti. Kwa hiyo mdukuzi aliyeko nchi nyingine hana pa kuingilia.

Siri inavyotunzwa

Skripti ya filamu ni maandishi yanayoeleza kila tukio na kila neno litakalosemwa. Kwa kawaida skripti husambazwa kwa barua pepe kwa waigizaji, mawakala wao, mafundi wa mavazi, wa taa, wa magari na wengine wengi. Hapo ndipo siri nyingi huvujia. Inatosha mtu mmoja kuipiga picha akamtumia rafiki yake.

Kwa Nolan haiendi hivyo. Mwigizaji anaitwa, anakaa chumbani, anasoma, anaiacha. Cillian Murphy, aliyecheza kama Oppenheimer, amesimulia kwamba Nolan alimfuata Dublin, Ireland, akamwachia skripti aisome hotelini. Ilichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu. Rangi hiyo haikuwa pambo. Ukiweka karatasi nyekundu kwenye mashine ya kutoa nakala, nakala inatoka nyeusi tupu, huoni herufi. Hii ni mbinu ya zamani, haina teknolojia yoyote, na bado inafanya kazi.

Michael Caine, mzee aliyecheza katika filamu nyingi za Nolan, alisema kwamba kwa filamu ya Tenet alipewa kurasa za siku yake moja tu ya kazi. Filamu nzima inahusu nini, hakuambiwa. Tuelewe kwamba huyu ni mtu aliyefanya kazi na Nolan kwa miaka 15.

Halafu kuna majina ya kuficha. Unapokwenda kupiga picha mjini huwezi kubandika kibao kinachosema "Batman wapo hapa". The Dark Knight ilipokuwa ikitengenezwa Chicago, vibao na makaratasi yaliandikwa Rory's First Kiss, maana yake busu la kwanza la Rory. Mpita njia alidhani ni filamu ya mapenzi ya vijana. Rory ni jina la mtoto wa Nolan. Inception iliitwa Oliver's Arrow na Interstellar ikaitwa Flora's Letter, majina ya watoto wengine. Siku hizi mashabiki wameshaugundua mchezo huu, na wakiona kibao cha ajabu barabarani wanaanza kuuliza ni watoto wa nani.

Miezi mitatu ya kubahatisha

Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Nolan ana filamu mpya chini ya studio ya Universal, Matt Damon yumo, na itatoka tarehe 17 Julai 2026. Basi. Jina halikutajwa, wala inahusu nini.

Kwa sababu watu hawakupewa habari, walijitengenezea za kwao. Kulikuwa na tetesi kwamba ni filamu ya wanyonya damu. Zikaja nyingine kwamba ni ya wapelelezi, kisha kwamba ni ya helikopta. Tom Holland, kijana anayecheza Spider-Man, aliulizwa akajibu kwamba amefurahi sana kuwemo lakini hajui filamu inahusu nini. Hapa tucheke kidogo: Holland ndiye mwigizaji maarufu kwa kuropoka siri. Waongozaji wa filamu za Avengers walieleza kwamba hawakumpa skripti nzima kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kujua kama siri inatunzwa, angalia kama Holland anayo.

Tarehe 23 Desemba 2024 studio ikatoa tangazo fupi kwenye mtandao wa X: filamu ni The Odyssey, inatokana na utenzi wa Homer, na itapigwa kwa teknolojia mpya ya kamera za IMAX. Uvumi wote wa miezi ile ulikuwa wa bure.

Hadithi yenyewe

Asiyetaka kujua mwisho aruke sehemu hii. Ila tunasema mapema kwamba mwisho huo umekuwa wazi kwa kila mtu kwa zaidi ya miaka 2,600.

Odyssey ni utenzi wa Kigiriki wenye mistari takriban 12,000, uliogawanywa katika vitabu 24. Kwa wanaojua tenzi zetu za pwani, kama Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728, si kitu kigeni sana: ni masimulizi marefu ya vita na safari, yaliyopangwa kwa mizani ili yasomwe kwa sauti mbele ya watu. Watu wa kwanza kuupokea utenzi wa Homer waliusikia kwa masikio kabla haujawa kitabu.

Odysseus ni mfalme wa kisiwa kidogo kiitwacho Ithaca. Anakwenda vitani Troya, vita vinachukua miaka 10. Ni yeye aliyebuni hila ya farasi wa mbao: Wagiriki wanajificha ndani ya farasi, adui anamvuta farasi kuingia mjini akidhani ni zawadi, usiku wanatoka. Baada ya ushindi, safari ya kurudi nyumbani, ambayo ingekuwa ya majuma machache, inamchukua miaka 10 mingine.

Njiani anakutana na jitu lenye jicho moja, Polyphemus, linalowafungia yeye na wenzake pangoni na kuanza kuwala wawili wawili. Jitu linamuuliza jina. Anajibu: naitwa Hakuna Mtu. Usiku wanalitoboa jicho. Majirani wanasikia kelele, wanauliza nani anakuumiza, nalo linalia: Hakuna Mtu ananiumiza! Majirani wakarudi kulala. Mtoto yeyote aliyelelewa na hadithi za Sungura ataielewa hila hiyo bila kufafanuliwa.

Anapita kwa mchawi anayewageuza watu nguruwe. Anapita kwenye viumbe wanaoimba kwa sauti tamu hadi mabaharia wanagonga miamba. Anawaziba wenzake masikio kwa nta, mwenyewe anafungwa kwenye mlingoti ili asikie wimbo bila kuufuata. Anakaa miaka 7 kwenye kisiwa cha Calypso, ambaye hataki kumwachia.

Nyumbani, mkewe Penelope amezingirwa na wanaume 108 wanaotaka kumwoa na kurithi ufalme. Wanakula mifugo ya nyumba ile kila siku. Penelope anawaambia: ngojeni nimalize kufuma sanda ya baba mkwe. Mchana anafuma, usiku anafumua. Alifanya hivyo miaka 3. Mtoto wao Telemachus alikuwa mchanga baba alipoondoka, sasa ni kijana wa miaka kama 20 asiyemjua baba yake hata kwa sura.

Odysseus anarudi amejifanya ombaomba. Anayemtambua kwanza ni mbwa wake mzee, Argos, anayetikisa mkia kisha anakufa. Wapo wasomaji wengi ambao wanasahau majitu yote lakini mbwa huyo hawamsahau. Mwishoni Odysseus anawaua wale wachumba. Na hata hapo mkewe hakimbilii kumkumbatia. Anamtega kwanza: anaamuru kitanda chao kihamishwe. Odysseus anakasirika, kwa kuwa kitanda kile alikichonga mwenyewe kutokana na mti wa mzeituni uliootea hapo, hakihamishiki. Siri hiyo waliijua wao wawili. Ndipo Penelope anaamini.

Basi kinachofichwa ni nini

Tunarudi kwenye swali. Kama kila mwenye kitabu anajua mwisho, Nolan anaficha nini?

Maoni yetu ni kwamba anachoficha ni namna itakavyosimuliwa. Fikiria kibanda umiza, pale filamu inapotafsiriwa kwa Kiswahili juu kwa juu. Mtafsiri mara nyingi anakwambia kabisa: huyu mwenye koti jeusi msimwamini, atamsaliti mwenzake. Hakuna anayeondoka. Watu wanabaki kuona atasalitiwaje. Ni hivyohivyo kwa tamthilia ya redio: msikilizaji anajua mapema kwamba binti atarudi kwao, anachosubiri ni atabisha hodi kwa maneno gani. Jitu lenye jicho moja lina sura gani? Miungu wa Kigiriki wanaoneshwaje kwa mtazamaji wa leo? Je, Nolan atasimulia kwa mpangilio, au atavuruga nyakati kama alivyofanya kwenye Memento? Homer mwenyewe, kwa taarifa yenu, hakwenda moja kwa moja. Anaanza karibu na mwisho wa safari, kisha Odysseus anasimulia yaliyopita akiwa mgeni kwenye karamu.

Picha moja tu ilitosha kuthibitisha jinsi watu wanavyojali namna. Tarehe 17 Februari 2025 studio ilitoa picha ya Matt Damon akiwa Odysseus, amevaa kofia ya chuma yenye manyoya mekundu juu. Wapenzi wa historia wakabishana kwa majuma. Walisema kofia ya namna hiyo ni ya Wagiriki wa karne nyingi baadaye; wapiganaji wa enzi ya Troya walivaa, pamoja na nyingine, kofia zilizopangwa vipande vya meno ya nguruwe mwitu. Wengine wakajibu kwamba hadithi yenye jitu la jicho moja haiwezi kudaiwa risiti ya kofia. Sisi tuko upande huu wa pili, ingawa kofia ya meno ya nguruwe mwitu tungependa sana kuiona.

Kamera na mkanda

Sehemu nyingine ya mvuto ni ya kiufundi. Filamu nyingi leo hurekodiwa kidijitali, kama video ya simu yako ila bora zaidi. Nolan bado anatumia mkanda, ule wa kuoshwa maabara. The Odyssey inatangazwa kuwa filamu ya kwanza kubwa ya kuigiza kupigwa yote kwa kamera za mkanda za IMAX.

Mkanda wa IMAX una upana wa milimita 70, na kila picha ndani yake ni kubwa mara nyingi kuliko picha ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Ndiyo maana ikioneshwa kwenye ukuta wenye urefu wa jengo la ghorofa kadhaa bado unaona chembe za mchanga. Gharama yake ni kwamba kamera ni nzito, mkanda unaisha baada ya dakika kama 3, na mashine inanguruma kiasi kwamba maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kutoitumia kwa mazungumzo ya karibu. Kwa filamu hii zilitengenezwa kamera na vifuniko vya kupunguza kelele.

Nolan aliliambia jarida la Empire la Uingereza kwamba walitumia zaidi ya futi milioni 2 za mkanda katika siku 91 za kupiga picha. Hizo ni zaidi ya kilomita 600. Ukiutandaza, unatoka Nairobi unafika Mombasa na bado unao wa kurudia sehemu ya njia. Filamu ikishahaririwa, nakala moja ya mwisho bado ni mzigo: nakala ya IMAX ya Oppenheimer ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 18 na uzito wa kama kilo 270. Duniani kote majumba 30 tu ndiyo yaliyoweza kuionesha kwa namna hiyo. Hapo unaelewa kwa nini tiketi zilinunuliwa mwaka mzima kabla.

Kwa nini siri ni biashara

Magazeti ya biashara ya filamu ya Marekani yanakadiria gharama ya The Odyssey kuwa kama dola milioni 250. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya bilioni 600. Na fedha zinazoingia mlangoni hazirudi zote studio: karibu nusu hubaki kwa wenye majumba ya sinema, halafu kuna gharama za matangazo. Ndiyo maana filamu ya milioni 250 lazima iingize zaidi ya mara mbili ya hizo kabla mtu hajasema tumepata faida.

Tatizo ni kwamba watu wa Marekani na Ulaya wana televisheni kubwa nyumbani na wanajua kwamba filamu yoyote itawafikia huko baada ya miezi michache. Unamtoaje mtu kwenye kochi? Kumwonesha kila kitu kwenye trela kunampunguzia sababu ya kutoka.

Mbinu hii si ya Nolan peke yake. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipotoa Psycho aliwataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, na watu wakapanga foleni. Julai 2007, kabla ya filamu ya Transformers, ilioneshwa trela isiyo na jina kabisa: sherehe ya vijana New York, mlipuko, kichwa cha sanamu ya Uhuru kinatua barabarani, kisha tarehe tu, 1-18-08. Mtayarishaji alikuwa J.J. Abrams, na filamu iliitwa Cloverfield. Iligharimu kama dola milioni 25 na ikaingiza kama milioni 170. Abrams ni mtu wa ajabu kwa siri. Ana kasha la mazingaombwe alilolinunua miongo kadhaa iliyopita, linalomkumbusha babu yake, na amesimulia hadharani kwamba hajawahi kulifungua.

Lakini siri inaweza kumgeukia mwenyewe. Abrams huyohuyo, kwenye Star Trek Into Darkness ya mwaka 2013, alikataa kata kata kwamba adui wa filamu ni Khan, ambaye mashabiki walikuwa wamemjua kwa zaidi ya miaka 40. Filamu ikatoka, adui ni Khan. Watu hawakushangaa, walikasirika kwa kudanganywa, na baadaye Abrams alikiri kwamba ingekuwa bora kusema mapema. Nolan naye aliifunika Tenet kwa siri nzito, ikatoka Agosti 2020 katikati ya janga la korona baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Iligharimu kama dola milioni 200 na kuingiza kama 365, chini ya ilivyohitajika, na watazamaji wengi walilalamika kwamba maneno hayasikiki. Kuficha kulivuta macho kwa miezi, ila hakukuweza kurekebisha sauti.

Desemba mwaka huohuo studio ya Warner Bros., aliyokuwa nayo tangu enzi za Batman, ikatangaza kwamba filamu zake zote za mwaka 2021 zitawekwa kwenye huduma ya HBO Max siku ileile zinapoingia sinema. Nolan alipinga hadharani, kisha akahamia Universal. Tangu hapo kila filamu yake ni kama kura: je, watu bado watalipa nauli na tiketi kukaa gizani na wageni? Oppenheimer ilijibu ndiyo. Swali linaulizwa tena Julai.

Kilichoshindikana kufichwa

Skripti unaweza kuipaka rangi nyekundu. Meli ya kale ya Wagiriki iliyoko baharini huwezi. Filamu ilipigwa Morocco, Ugiriki, Italia, Scotland na Iceland kuanzia Februari hadi Agosti 2025, na kila ilipokwenda, wenyeji na watalii walikuwa na simu. Picha za waigizaji ufukweni zilizunguka dunia kabla ya chakula cha jioni. Trela fupi ya kwanza, iliyokusudiwa kuonwa sinema tu mwezi Julai 2025, ilirekodiwa kwa simu na kusambaa. Desemba ikatoka trela rasmi, na kwenye majumba machache ya IMAX kukaoneshwa kipande cha dakika 6 chenye tukio la farasi wa mbao.

Kuna jambo jingine zito zaidi lililojitokeza. Baadhi ya matukio yalipigwa Dakhla, mji ulioko Sahara Magharibi. Eneo hilo sehemu yake kubwa inashikiliwa na Morocco, Umoja wa Mataifa unaliorodhesha kama eneo ambalo bado halijajitawala, na jamhuri iliyotangazwa na Wasahrawi ni mwanachama wa Umoja wa Afrika. Julai 2025 waandaaji wa FiSahara, tamasha la filamu linalofanyika kwenye kambi za wakimbizi wa Kisahrawi huko Algeria, walimtaka Nolan asimamishe kazi pale. Mwigizaji wa Hispania Javier Bardem aliwaunga mkono. Hoja yao ilikuwa kwamba kupiga picha hapo kwa kibali cha Morocco ni kuhalalisha ukaliaji, wakati Wasahrawi wenyewe hawana uhuru wa kusimulia habari zao kwenye ardhi hiyohiyo.

Habari hii haikupata hata robo ya nafasi iliyopewa kofia ya Matt Damon. Sisi tunaona inastahili kujulikana. Filamu ni ya mtu aliyehangaika miaka 10 kurudi kwao, na wapo Wasahrawi waliozaliwa kambini na hawajawahi kuiona Dakhla.

Lupita yumo

Wasikilizaji wa upande wa Kenya wametukumbusha, na hatungesahau: Lupita Nyong'o ni mmoja wa waigizaji. Alizaliwa Mexico kwa wazazi Wakenya, akakulia Kenya, na baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu. Mwaka 2014 alipata Oscar kwa 12 Years a Slave. Jina lake lilipotangazwa kwenye filamu hii hawakusema anacheza kama nani, na papo hapo watu wakaanza kugawa nafasi: malkia, mungu wa kike, mchawi. Wengine wakilalamika kwamba Mwafrika hafai kwenye hadithi ya Wagiriki. Hao tunawashauri wamsome Homer. Ukurasa wa kwanza kabisa wa utenzi unamtaja mungu wa bahari, Poseidon, akiwa amesafiri kwenda karamuni kwa Waethiopia.

Wenzake ni Matt Damon kama Odysseus, Anne Hathaway kama Penelope, Tom Holland kama Telemachus, Zendaya kama Athena, pamoja na Robert Pattinson na Charlize Theron, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kwa wenye simu

Kiu ya watu ni fursa kwa matapeli. Tunaomba msome hapa taratibu.

Hadi tarehe 17 Julai hakuna mtu mwenye filamu hii nzima mtandaoni. Linki inayokuja kwenye kundi la WhatsApp ikisema "The Odyssey full movie" ni uongo. Mara nyingi inataka ufanye moja kati ya haya: uweke namba ya simu na namba ya siri ya pesa za simu, ulipe "ada ndogo ya usajili", au upakue programu isiyotoka kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote, maana programu ya namna hiyo inaweza kusoma ujumbe wako, ukiwemo ule wa kuthibitisha miamala.

Pia kuna trela bandia nyingi zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Utaona uso wa Zendaya, utasikia muziki mkubwa, na hakuna hata tukio moja la kweli. Hazikuibii fedha, zinakula bando lako tu. Ukitaka trela halisi, tafuta YouTube ukurasa wa Universal Pictures wenye alama ya tiki, na kabla ya kubonyeza shusha ubora wa picha hadi 240 au 360. Kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo, kwenye bando ni kubwa.

Na kama bando lenyewe hakuna, mwalimu wa fasihi wa sekondari iliyo karibu nawe huenda anaijua hadithi ya Odysseus. Mwombe aanzie pale kwenye pango la jitu.